Deki ya Kaseti Nyumbani: Kuinunua, Kuifunga na Kuitumia

Kaseti ya utepe ilitambulishwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyobeba sauti za nyumba nyingi za Afrika Mashariki: taarabu, muziki wa dansi, kwaya, mawaidha, hotuba za harusi, na salamu ambazo ndugu walitumiana badala ya barua. Deki za kuchezea kaseti hizo zimekuwa adimu madukani, lakini kaseti zenyewe hazijatoweka. Zimo makabatini na ndani ya maboksi ya viatu, na baadhi yake zina sauti za watu waliokwisha kututoka. Kwa hiyo mlaji anayetafuta deki leo mara nyingi hatafuti anasa. Anataka kusikia tena kitu ambacho hakina nakala ya pili, na deki mbovu aliyoinunua kwa bei ya kutupa inaweza kuutafuna utepe ambao hakuna duka linalouuza.

Makala hii inahusu deki za stirio za kuweka mezani, ambazo karibu zote zinazopatikana nchini sasa ni zilizokwisha kutumika. Tunaanza na ununuzi, kwa kuwa hasara nyingi hutokea kabla deki haijafika nyumbani.

Deki si redio kaseti

Redio kaseti ina kila kitu ndani ya ganda moja: mtambo wa kuzungusha utepe, amplifaya na spika. Deki ina mtambo tu. Inausoma utepe na kutoa sauti hafifu ambayo lazima ipelekwe kwenye amplifaya, au kwenye sabufa yenye amplifaya yake, ndipo isikike. Ukiichomeka deki kwenye umeme pekee utaona taa zikiwaka na kaseti ikizunguka bila sauti yoyote, na huo si ubovu. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba nyumbani unacho chombo cha kuipokea sauti hiyo.

Soma kibati cha nyuma

Nyuma ya kila deki kuna kibati au karatasi inayotaja umeme unaohitajika. Hili ndilo jambo la kwanza kutazama, kabla ya uzuri wa mbele na kabla ya bei. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Japani imeandikwa volti 100, na ya soko la Marekani volti 120. Iliyokuja kutoka Uingereza au nchi za Ghuba huandikwa volti 220 au 240, nayo haina shida hapa. Deki ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani hupokea zaidi ya maradufu ya umeme wake. Ikiwa na bahati fyuzi ya ndani itakatika. Isipokuwa nayo, transfoma ya ndani itaungua, na moshi wake hautaishia ndani ya deki.

Baadhi ya deki zina swichi ndogo nyuma ya kuchagulia volti. Ikiwapo, igeuze kwa bisibisi ikiwa deki imechomolewa, kisha uisome mara ya pili kabla ya kuchomeka. Isipokuwapo, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Deki nyingi hutumia wati 10 hadi 30 tu, hivyo transfoma ya wati 100 inatosha na haitapata joto sana. Angalia pia volti inayotoa: transfoma nyingi za madukani hutoa volti 110, ambazo ni nyingi mno kwa kifaa cha volti 100 kitakachowashwa kwa saa nyingi. Gharama ya transfoma ni sehemu ya bei ya deki. Muuzaji asiyeitaja hajakutajia bei kamili.

Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Deki nyingi zina mota ambayo haijali jambo hilo, na kibati chake huandikwa hezi 50/60. Lakini zipo deki za zamani ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Zikiwa zimeandikwa hezi 60 pekee, hapa zitazunguka kwa mwendo pungufu kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume aliyeamshwa usingizini. Hilo halitengenezwi kwa transfoma yoyote. Ziache.

Plagi nayo itazamwe. Deki iliyokuja na plagi ya miguu miwili bapa isilazimishwe kwenye soketi yetu kwa kijiti au kwa nyaya zilizochunwa, kama tunavyoona mara nyingi. Fundi akiiwekea plagi ya miguu mitatu ya mraba, mwambie aweke fyuzi ya ampea 3. Ile ya ampea 13 inayokuja ndani ya plagi nyingi ni ya pasi na birika, na itaacha waya mwembamba wa deki uungue kabla yenyewe haijakatika.

Namna ya kuijaribu dukani

Nenda dukani na kaseti yako mwenyewe, ambayo hutaumia ikikatika na ambayo unaujua vizuri wimbo wake. Usiende na kaseti ya marehemu baba. Mwombe muuzaji aunganishe deki na amplifaya, asiyekubali ameshakujibu.

Cheza dakika chache za mwanzo wa kaseti, kisha peleka utepe hadi karibu na mwisho na ucheze tena, kwa kuwa mota dhaifu huonyesha uchovu pale gurudumu moja linapokuwa limejaa. Sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayeimba huku akitikiswa, mpira wa mota umelegea au rola imechakaa. Ikiwa wimbo huohuo umo kwenye simu yako, uchezeshe sambamba kwa dakika moja: ukitangulia au kuchelewa sana, mwendo wa deki si sahihi. Sikiliza upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia. Peleka utepe mbele na uurudishe nyuma kwa kasi hadi mwisho wa pande zote mbili. Halafu rekodi dakika moja juu ya wimbo wa zamani na uisikilize: wimbo wa zamani ukisikika kwa mbali chini ya ule mpya, hedi ya kufutia ni chafu au imekufa.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha kaseti na utazame ndani kwa tochi ya simu. Utaona kipande cha chuma kinachong'aa, ambacho mafundi hukiita hedi. Pembeni yake ekseli nyembamba ya chuma, na rola ya mpira mweusi inayoibana. Rola iwe nyeusi isiyong'aa na isiyo na nyufa. Rola iliyong'aa kama kiatu kipya imekauka, na ndiyo inayovuta utepe upande mmoja na kuutafuna.

Deki inayonguruma bila magurudumu kuzunguka mara nyingi haijafa. Mipira yake ya ndani imenyooka, au imeyeyuka na kuwa kama lami, jambo la kawaida kwa mpira wenye umri wa miaka thelathini au arobaini. Fundi mzuri huisafisha na kuibadilisha. Muulize gharama kwanza, kisha uiondoe gharama hiyo kwenye bei. Asikuwekee mpira wa kufungia noti: utafanya kazi kwa wiki moja, na sauti itayumba tangu siku ya kwanza.

Kuunganisha

Nyuma ya deki kuna jozi mbili za matundu ya duara. Jozi iliyoandikwa LINE OUT au PLAY hutoa sauti, na iliyoandikwa LINE IN au REC hupokea. Unganisha ile ya kutoa na tundu la amplifaya lililoandikwa TAPE, AUX au LINE. Nyekundu ni upande wa kulia, nyeupe ni wa kushoto. Kama una sabufa yenye tundu dogo la AUX, nunua waya wenye vichwa viwili vya duara upande mmoja na kichwa kimoja chembamba upande wa pili. Tundu lililoandikwa PHONO ni la santuri peke yake. Lina ukuzaji mkubwa wa ziada, na deki ikichomekwa hapo sauti hutoka imepasuka. Wapo waliotupa deki nzima kwa sababu ya tundu hilo.

Fanya kazi hii vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Deki isikae juu ya amplifaya yenye joto, wala kubanwa na spika, kwa kuwa sumaku ya spika si rafiki wa kaseti.

Kaseti iliyolala miaka mingi

Hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka. Kabla ya kuiingiza kaseti ya zamani kwenye deki, itazame kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni ukungu, na katika hewa ya pwani hutokea mara nyingi. Usiicheze. Itauchafua mtambo, na mtambo utaambukiza kaseti zako nyingine. Itenge kwenye mfuko wake, uipeleke kwa fundi anayeshughulika na kanda.

Kaseti isiyo na ukungu izungushe kwa penseli kidogo ili kuondoa ulegevu. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kuicheza, ili tabaka za utepe zilizoshikamana ziachane. Tazama pia mdomo wa kaseti: katikati yake kuna kipande kidogo cha kitambaa juu ya bati jembamba, kinachousukuma utepe uiguse hedi. Gundi yake huzeeka na kitambaa hudondoka, na sauti hubaki hafifu kama inayotoka chumba cha pili. Ganda la kaseti likiwa limefungwa kwa skrubu, utepe unaweza kuhamishiwa kwenye ganda zima la kaseti nyingine. Ni kazi ya nusu saa mezani, feni ikiwa imezimwa.

Ujue pia unene wa utepe wako. Kaseti ya dakika 90 ina utepe wa takriban mita 130, wenye unene wa karibu sehemu 12 za elfu moja za milimita. Ile ya dakika 120 ni nyembamba zaidi, karibu sehemu 9, na hujinyonga kwa urahisi. Kaseti za dakika 120 zichezwe kwenye deki uliyokwisha kuiamini, na zisipelekwe mbele na nyuma kwa kasi bila sababu.

Ikitokea kaseti moja ina sauti nzito isiyo na ncha huku nyingine zote zikisikika vizuri, kosa mara nyingi si la deki. Kaseti hiyo ilirekodiwa kwenye chombo ambacho hedi yake ilikuwa imeinama kidogo tofauti na yako. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayorekebisha mwinamo huo. Fundi anaweza kuigeuza kiasi kidogo sana kaseti ikiwa inacheza, hadi herufi kama «s» na «sh» zisikike kwa ukali wake, kisha akairudisha ilipokuwa baada ya kazi hiyo. Atie alama ya mahali pa awali kabla ya kuigusa. Usipoirudisha, kaseti zako nyingine zote zitakuwa na sauti nzito.

Kuhusu kitufe cha Dolby, ambacho huwachanganya wengi: kinapunguza mvumo wa utepe kwa kaseti zilizorekodiwa kwa mfumo huohuo tu. Kama karatasi ya kaseti haina alama ya Dolby, kiache kimezimwa. Kukiwasha kwa kaseti ya kawaida huondoa mvumo kweli, lakini huondoa na kayamba, na pumzi za mwimbaji.

Umeme ukikatika kaseti ikiwa inacheza, na deki yako ni ya vitufe vya kubonyeza kwa nguvu, bonyeza kitufe cha kusimamisha palepale, gizani hivyohivyo. La sivyo rola hubaki imeibana ekseli na kupata kovu, na umeme unaporudi ghafla utepe hudakwa. Chomoa na plagi pia.

Ukitaka kurekodi

Kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukiushika upande wa A ukikutazama, mdomo wa utepe ukiwa chini, kijino cha kushoto ndicho kinachoruhusu kurekodi upande huo. Kikivunjwa, deki itakataa kurekodi. Tunashauri uvivunje vyote viwili kwenye kila kaseti ya thamani kabla hujaiingiza kwenye chombo chochote, kwa sababu kitufe chekundu cha kurekodi kiko sentimita chache tu kutoka kile cha kucheza. Ukibadili nia siku nyingine, ziba tundu kwa selotepu.

Chagua aina ya utepe kwenye deki kulingana na kaseti: ya kawaida ni aina ya I, na ya kromu ni aina ya II. Deki nyingi za baadaye huitambua zenyewe kwa matundu ya mgongoni, hivyo selotepu isiyafunike. Pandisha kiwango cha sauti hadi mita iguse sifuri, na kuivuka kidogo, pale penye kelele kubwa. Ukirekodi chini mno, mvumo wa utepe utaimeza sauti.

Usafi

Kila baada ya saa kumi hadi ishirini za kucheza, zima deki na uifute hedi na ekseli kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa alkoholi ya aisopropili, inayopatikana katika maduka ya dawa na ya vifaa vya elektroniki. Pamba itatoka na rangi ya kahawia. Endelea hadi itoke nyeupe. Rola ifutwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha kwa pamba kavu. Subiri dakika tano kabla ya kuingiza kaseti. Petroli, tina na manukato havifai: tina huyeyusha plastiki, na manukato huacha mafuta. Spiriti ya rangi ya zambarau nayo huacha rangi yake kwenye hedi.

Kuihamisha sauti kwenye kompyuta

Kaseti isiyo na nakala ihamishwe mapema, ikiwezekana mara ya kwanza inapochezwa vizuri. Chukua waya uleule wa vichwa viwili, uutoe LINE OUT ya deki hadi kwenye tundu la kupokea sauti la kompyuta, au kwenye kifaa kidogo cha sauti cha USB kama kompyuta haina tundu hilo. Programu ya Audacity hupatikana bila malipo na inatosha. Rekodi kwa hezi 44,100 na biti 16, na uache nafasi juu ya mita, kwa kuwa kompyuta haivumilii kuvuka sifuri kama utepe unavyovumilia. Saa moja itachukua takriban megabaiti 635. Hifadhi faili hiyo kubwa kama ilivyo, ndipo utengeneze nakala ndogo ya kuwatumia ndugu kwenye simu. Andika jina, mahali na mwaka kwenye faili siku hiyohiyo, maana aliye hai leo anayeitambua sauti ya shangazi huenda asiwepo mwakani.

Kuhifadhi nakala ya kaseti yako nyumbani ni jambo moja, na kuuza nakala za nyimbo za wengine ni jambo jingine. La pili bila ridhaa ya mwenye haki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Ukiuziwa deki isiyofaa

Maneno «mali ikishauzwa hairudishwi» yaliyobandikwa ukutani au kupigwa muhuri kwenye risiti hayafuti peke yake haki zako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na bidhaa lazima ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Kitu kilichotumika kinaweza kuwa na mikwaruzo, na kasoro uliyoonyeshwa ukaikubali ni yako. Lakini deki uliyoambiwa ni ya volti 230 ikawa ya 100, au inayorekodi ikawa hairekodi, haikulingana na maelezo yake. Kwa hiyo maelezo hayo yaandikwe. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na umwombe muuzaji aongeze kwa kalamu aina ya deki, namba yake, volti zake, na maneno «inacheza na inarekodi». Muuzaji mwaminifu haoni tabu kuandika mstari mmoja.

Kasoro ikionekana, iache deki kama ilivyo. Ukiipeleka kwanza kwa fundi ikafunguliwa, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu, na itakuwa vigumu kumpinga. Mrudie muuzaji ndani ya siku chache ukiwa na deki, risiti na kaseti uliyojaribia. Asipokusikiliza, lete malalamiko yako kwetu kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti, picha ya kibati cha nyuma, tarehe uliyorudi dukani na jibu ulilopewa.